Mvua ya Dranya na milinganyo ya kompyuta: jinsi modeli za hali ya hewa zinavyorekebishwa

Mkulima wa Dranya, wilayani Koboko, anaposikia redioni kwamba mvua inatarajiwa wiki hii, anakuwa na uamuzi wa kufanya kabla jua halijatua. Apande maharage aliyoyatunza kwa ajili ya mbegu, au angoje? Akipanda na mvua ikanyesha siku moja tu kisha ikakatika, mbegu zitachipua na kukauka. Akingoja na mvua ikaja kweli, atakuwa amepoteza siku za msimu ambazo hazirudi.

Nyuma ya sentensi hiyo moja ya redioni ipo kazi isiyoonekana. Ni kazi ya programu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa hewa, joto, mvuke na mawingu kwa kutumia kanuni za fizikia. Programu hizo huja na milinganyo iliyokwisha kuandikwa ndani yake, na sehemu ya milinganyo hiyo iliandikwa na kupimwa mbali sana na West Nile. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Afrika Mashariki na wenzao wa nje wamekuwa wakiifungua programu hiyo, kubadilisha fomula zilizomo, na kupima kama mvua ya kompyuta inafanana zaidi na ile inayoonekana na watu.

Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo ni yapi, hufanywaje, yana hatari gani, na yanamhusu vipi msikilizaji wa Koboko na Arua.

Modeli ni nini?

Modeli ya hali ya hewa ni programu inayoigawa anga katika visanduku vingi, vilivyopangwa kwa safu kutoka ardhini hadi juu. Katika kila kisanduku kompyuta huhifadhi namba chache: joto, mgandamizo wa hewa, unyevu, na kasi na mwelekeo wa upepo. Kisha hukokotoa namba hizo zitakuwaje baada ya muda mfupi, huenda nusu dakika au dakika mbili. Ikimaliza, huanza tena, hadi ifike kesho au wiki ijayo.

Milinganyo inayotumika ni ya aina mbili, na kutofautisha aina hizo ndiyo hatua ya kwanza ya kuelewa mjadala wote.

Aina ya kwanza ni sheria za msingi: sheria ya Newton kuhusu mwendo, sheria kwamba masi haipotei, sheria kwamba nishati haipotei, na uhusiano kati ya joto na mgandamizo wa gesi. Sheria hizo ni zile zile Kampala, London na Dranya. Hakuna mtaalamu anayezibadilisha ili apate mvua zaidi.

Aina ya pili ni fomula za makadirio. Hizi huwakilisha mambo yanayotokea ndani ya kisanduku lakini ni madogo mno kuonekana kwa kompyuta: wingu linalopanda, matone yanayoungana, mti unaotoa mvuke, ardhi inayopata joto. Fomula hizi si sheria za maumbile. Ni muhtasari wa yale ambayo wanasayansi wameyaona na kuyapima, na ndani yake mna namba ambazo mtu alizichagua. Marekebisho hufanyika humu.

Kisanduku kikubwa kuliko wingu

Chukua modeli ambayo kila kisanduku kina upana wa kilomita 25 kwa kilomita 25. Kisanduku kimoja hufunika kilomita 625 za mraba, eneo linaloweza kumeza sehemu kubwa ya wilaya ya Koboko. Ndani ya eneo hilo kompyuta inajua joto moja tu na unyevu mmoja tu. Lakini wingu la ngurumo linaloweza kumwaga mvua juu ya Dranya huwa na upana wa kilomita chache. Watu wa upande mmoja wa kilima hulowa huku majirani wao wakianika mihogo.

Kompyuta haiwezi kuliona wingu hilo. Kwa hiyo modeli hupewa fomula inayokisia: ikiwa hewa ya chini ina joto na unyevu wa kiasi fulani, basi mahali fulani ndani ya kisanduku hewa itakuwa inapanda, mvuke unageuka matone, na mvua ya kiasi fulani inanyesha. Kupanda huko kwa hewa yenye joto wanafizikia hukuita myuko.

Fomula za myuko ni nyingi. Akio Arakawa na Wayne Schubert walichapisha yao mwaka 1974. Michael Tiedtke alichapisha yake mwaka 1989. Fomula ya John Kain na Michael Fritsch ilitolewa mwaka 1990. Baadhi zilijengwa kutokana na vipimo vya dhoruba za Marekani, nyingine kutokana na vipimo vya bahari za kitropiki. Eneo la bara lililoko nyuzi tatu na nusu hivi kaskazini mwa ikweta, lenye Mto Nile upande wa mashariki na hewa yenye unyevu kutoka Kongo upande wa magharibi, halikuwa ndicho kipimo walichokuwa nacho mezani.

Mvua inayowahi

Kasoro mojawapo inayojulikana sana ya fomula hizi ni ya saa. Katika nchi kavu za tropiki, modeli zenye visanduku vipana huelekea kuleta mvua karibu na saa sita mchana, jua likiwa utosini. Maeneo mengi hali si hiyo. Ardhi hupata joto asubuhi, mawingu hujengeka mchana, na ngurumo hufika alasiri au jioni.

Sababu yake inaeleweka. Fomula hutazama joto na unyevu wa wakati ule ule, na mara masharti yanapotimia huachilia mvua. Wingu halisi huhitaji muda. Linapoanza kupanda, hewa kavu ya pembeni hupenya ndani yake na kulidhoofisha. Mawingu ya kwanza hufa, lakini hulainisha njia kwa yale yanayofuata, hadi moja linapofaulu kwenda juu kabisa.

Kasoro ya pili huambatana na hiyo. Modeli hutoa rasharasha siku nyingi mno na mvua kubwa siku chache mno. Jumla ya mwezi inaweza kukaribiana na ukweli, na bado kila siku moja moja ikawa na makosa. Kwa mkulima tofauti hiyo si ndogo. Milimita 60 zilizogawanywa kwa siku ishirini na milimita 60 zilizoanguka katika alasiri mbili ni namba moja kwenye jedwali, ila shambani ni misimu miwili tofauti: mmoja wa kupalilia, mwingine wa kuokoa udongo usichukuliwe na maji.

Ngazi tatu za kubadilisha

Mojawapo ya programu zinazotumika zaidi ni WRF, iliyoundwa Marekani kwa ushirikiano wa kituo cha utafiti wa anga cha NCAR na taasisi nyingine. Msimbo wake uko wazi, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma na kuubadilisha. Hutumiwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD kilichoko Kenya, na vilevile na taasisi za hali ya hewa za nchi za ukanda huu. Katika programu hiyo mabadiliko hufanyika kwa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kuchagua. Programu ina faili la maagizo ambamo mtumiaji huandika namba ya fomula anayoitaka. Kwa myuko, akiandika 1 anatumia fomula ya Kain na Fritsch. 2 ni ya Betts, Miller na Janjić. 6 ni ya Tiedtke. Na 0 huizima fomula yote. Hapa hakuna mlinganyo ulioandikwa upya. Mtu amebadilisha tu fundi anayekisia.

Ngazi ya pili ni kubadilisha namba zilizomo ndani ya fomula. Fomula ya Kain na Fritsch, kwa mfano, huweka muda ambao wingu hutumia kuondoa ukosefu wa utulivu katika hewa: kati ya nusu saa na saa moja. Nyingine ni kiwango cha hewa ya pembeni inayopenya ndani ya wingu. Kiwango hicho kikiongezwa, wingu hupata taabu zaidi kupanda, na mvua huchelewa na kupungua. Kikipunguzwa, mvua huja kwa wepesi.

Ngazi ya tatu ni kuandika upya mlinganyo wenyewe. Mtaalamu hufungua faili lililoandikwa kwa lugha ya Fortran, hubadilisha mistari inayokokotoa, kisha huitafsiri upya programu nzima ili kompyuta iielewe. Kazi hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa fomula moja hutoa namba zinazosomwa na fomula nyingine. Anayegusa wingu amegusa pia mwanga wa jua unaofika ardhini, na kwa hiyo joto la ardhi, na kwa hiyo wingu la kesho.

Kuizima fomula kabisa

Mojawapo ya mabadiliko makubwa yaliyojaribiwa kwa ajili ya Afrika halikuwa ya kuiboresha fomula ya myuko, bali ya kuiondoa. Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza iliendesha modeli ya bara zima yenye visanduku vya takriban kilomita 4.5, fomula hiyo ikiwa imezimwa. Visanduku vilikuwa vidogo kiasi kwamba sheria za msingi zenyewe ziliweza kuanza kuipandisha hewa na kujenga dhoruba. Mradi huo, unaojulikana kwa kifupi kama CP4-Africa, uliiga takriban miaka kumi ya kipindi cha sasa na takriban miaka kumi ya mwisho wa karne hii. Pembeni yake kuliendeshwa modeli ya kilomita 25 yenye fomula ya kawaida, ili zilinganishwe.

Gharama yake inaonekana kwa hesabu rahisi. Kisanduku cha kilomita 25 kinachukuliwa na visanduku 31 hivi vya kilomita 4.5. Na kwa kuwa kisanduku kidogo hudai hatua fupi za muda, kompyuta hufanya kazi zaidi ya mara 170 ili kumaliza siku ile ile.

Faida ilionekana. Saa za mvua zilikaribia ukweli, rasharasha za uongo zilipungua, na mvua kubwa zikaonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na modeli hizo ulionyesha jambo linalowahusu wakulima moja kwa moja: kadiri dunia inavyopata joto, mvua kali huongezeka, na wakati huo huo vipindi vikavu katikati ya msimu wa mvua navyo huongezeka katika maeneo mengi ya Afrika. Modeli ya zamani ilikuwa imeyapunguza makali ya yote mawili.

Ziwa lililofutwa na kurudishwa

Mfano mwingine unatoka Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku huwaua wavuvi kila mwaka. Mchana mvua huanguka zaidi nchi kavu. Usiku upepo hutoka nchi kavu kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na dhoruba hujengeka humo.

Wanasayansi wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walitumia modeli ya eneo iitwayo COSMO-CLM, wakaiunganisha na modeli ndogo ya maziwa iitwayo FLake, inayokokotoa joto la maji kwa kina chake. Katika jaribio moja waliyafuta maziwa makuu ya Afrika kwenye ramani ya modeli na kuweka nchi kavu mahali pake. Walipolinganisha walikuta kwamba maziwa hayo huongeza mvua inayoanguka juu yake yenyewe karibu mara mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walionya kwamba iwapo utoaji wa gesi joto utaendelea kwa kiwango cha juu, dhoruba kali ya usiku ambayo leo hutokea mara moja katika miaka 15 inaweza kutokea karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne.

Kazi ya wataalamu wa kanda

Kazi hii haifanyiki Ulaya peke yake. Kuanzia mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway vilishirikiana katika mradi wa WIMEA-ICT. Sehemu moja ya mradi ilihusu modeli za utabiri. Sehemu nyingine ilihusu kutengeneza vituo vya kupima hali ya hewa vinavyojiendesha, vya gharama nafuu.

Watafiti wa Makerere wamelinganisha fomula mbalimbali za myuko ndani ya WRF kwa mvua za Uganda, na pia wamechunguza njia ya kuunganisha matokeo ya fomula kadhaa badala ya kuitegemea moja. Hoja yao ni nyepesi kueleweka. Ikiwa wajumbe sita wanatoka sokoni na kila mmoja ana habari yake, mwenye busara huwasikiliza wote kabla hajasema lililotokea.

Makosa yanayonyemelea

Kubadilisha mlinganyo ni rahisi kuliko kujua kama umefanya vyema. Historia inatoa onyo. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu kilichokuwa na utabiri wa kwanza uliokokotolewa kwa milinganyo, wote kwa mkono. Hesabu yake ya siku ya 20 Mei 1910 ilisema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa hektopaskali 145 katika saa sita. Ukweli ni kwamba haukubadilika karibu hata kidogo. Miongo mingi baadaye Peter Lynch wa Ireland aliirudia hesabu hiyo. Alionyesha kwamba milinganyo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika data za kuanzia, ambazo hazikuwa na uwiano. Zilipolainishwa, jibu likawa la kuridhisha.

Funzo lake ni hili: utabiri ukikosea, mlinganyo si lazima uwe ndio mkosaji. Mtaalamu anayekimbilia kuubadilisha anaweza kuziba kosa moja kwa kosa jingine. Namba ya mvua itaonekana nzuri mwaka huu, lakini kwa sababu isiyo sahihi, na mwaka ujao itamsaliti.

Kwa hiyo kuna taratibu zinazofuatwa. Nakala ya programu asilia huhifadhiwa bila kuguswa. Hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Vipimo huhakikiwa, kwani mita ikichanganywa na sentimita, kompyuta haitalalamika. Hukaguliwa kama maji yanayoingia katika kisanduku yanalingana na yanayotoka na yanayobaki. Mwisho, modeli hupewa siku zilizokwisha kupita, zikiwemo ambazo hazikutumika kuirekebisha, na matokeo hulinganishwa na mvua iliyopimwa.

Kipimo cha mvua na akili mnemba

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoirudisha hadithi Koboko. Arua ina kituo cha hali ya hewa, lakini kutoka mji wa Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 50. Setilaiti husaidia, ila nayo hukadiria mvua kwa kutazama mawingu kutoka juu. Pasipo na kipimo cha mvua ardhini, mtu hawezi kuthibitisha kama fomula mpya ni bora kuliko ya zamani kwa mahali hapo. Chombo cha kukingia mvua katika uwanja wa shule, kikisomwa kila asubuhi bila kukosa na namba ikaandikwa, kina thamani katika kazi hii sawa na kompyuta iliyoko mbali.

Katika miaka ya karibuni zimejitokeza modeli za akili mnemba, kama GraphCast ya kampuni ya Google DeepMind, zisizokokotoa milinganyo ya fizikia bali hujifunza kutokana na kumbukumbu za hali ya hewa za tangu mwaka 1979. Zina kasi kubwa. Hata hivyo kumbukumbu zenyewe hutengenezwa kwa kuunganisha vipimo na modeli ya fizikia. Mahali vipimo vilipo haba, kasoro za milinganyo ya zamani hurithiwa na mwanafunzi mpya.

Msikilizaji afanye nini na utabiri?

Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Uganda hutoa utabiri wa msimu pamoja na utabiri wa muda mfupi, na utabiri wa msimu hutafsiriwa kwa lugha kadhaa za nchini. Katika eneo ambako Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili husikika katika soko moja, maneno yanayotumika yana uzito.

Kwanza, uwezekano wa mvua wa asilimia 60 si ahadi. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye hali kama hiyo, sita hunyesha na nne hazinyeshi. Mtabiri hakosei ikiwa leo ni mojawapo ya zile nne.

Pili, utabiri wa eneo si utabiri wa shamba. Hata modeli yenye visanduku vya kilomita nne haiwezi kutaja kwa uhakika kijiji na saa ambayo dhoruba itaanguka. Uwezo wake ni kusema kwamba alasiri ya leo ni ya hatari katika ukanda huu.

Tatu, utabiri wa siku mbili au tatu ni imara zaidi kuliko wa siku kumi, na unafaa kusikilizwa upya kila unapotolewa. Aliyesikia habari ya Jumatatu asipande Ijumaa kwa kuitegemea hiyo.

Nne, mkulima anayeandika siku mvua ilipoanza na ilipokatika, mwaka baada ya mwaka, anaweza kuyalinganisha aliyoyasikia na aliyoyaona, na kujua ni utabiri gani umemfaa na upi haukumfaa.

Milinganyo itaendelea kubadilishwa, na visanduku vitaendelea kupungua kadiri kompyuta zinavyoongezeka nguvu. Lakini kila badiliko litapimwa kwa jambo lile lile ambalo mkulima wa Dranya hulipima anapotoka nje alasiri na kutazama upande wa Kongo: kama mvua iliyosemwa imekuja, na kama imekuja saa iliyosemwa.